Kiwiko cha Masese

Asubuhi ya Jumanne ambayo Jinja iligeuka kisiwa, Jamil Mugweri alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake huko Nabuyonga, mjini Mbale, akichambua maharage. Mazima aliyaweka kwenye sinia, yaliyotobolewa aliwatupia kuku. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji alisoma bei ya kahawa, akasoma matangazo ya vifo, kisha akasema kwamba tangu alfajiri mji wa Jinja umezungukwa na maji pande zote, kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba wenye safari za Kampala watafute njia nyingine. Baada ya hapo akapiga wimbo.

"Pande tatu ilikuwa na maji tayari," alisema Nulu, mke wa Mugweri, kutoka jikoni. "Ilikuwa imebaki moja tu."

Mugweri alikubali kwamba ilikuwa imebaki moja tu, akaendelea na maharage.

Sisi watu wa Mbale hatukushangaa. Tuliona wivu kidogo, na hilo sitalificha. Jinja ina ziwa, ina chanzo cha Mto Naili, ina wageni wenye kamera, na sasa ikaongezewa ukisiwa. Sisi tuna mlima wetu, na wazee wanaotukumbusha kwenye kila harusi kwamba zamani mji wetu ulikuwa msafi kuliko yote.

Habari ziliendelea kuja. Siku ya pili lori la sukari lilikata kona kwa kasi, kisiwa kizima kikainama upande wa Walukuba, na vikombe vikateleza mezani katika nyumba mia kadhaa. Magari na pikipiki zikapigwa marufuku; kila mtu atembee kwa miguu, tena polepole. Siku ya tatu ikaundwa Kamati ya Kisiwa. Siku ya nne Kamati ikatangaza kwamba kisiwa hakiwezi kukosa mji mkuu, na kwa kuwa hiki kilikuwa na mji mmoja tu, Jinja ikapewa cheo bila kupingwa. Na kwa kuwa mji mkuu wa kisiwani lazima upendeze, kingetengenezwa kijia cha kuzunguka kisiwa chote kandokando ya maji, wageni watembee humo wakiburudika.

Wiki ya pili mtangazaji alieleza jinsi maji mapya yalivyokaa.

"Yamenyooka kama yaliyopigwa rula," alisema, "isipokuwa pale Masese. Pale yanajikunja kama kiwiko, tena kwa kakona kadogo njiani, yanapita nyuma ya nyumba kumi na moja na kuziacha nje. Ramani inaonyesha kwamba nyumba hizo zimo ziwani. Kamati itazibomoa Ijumaa hii ili kijia kipite."

Mugweri aliweka sinia chini. Kuku walikuja wakala maharage mazima, naye hakuwafukuza. Kiwiko kile alikuwa amekikunja yeye.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Mugweri alikuwa mshika mnyororo katika kampuni moja ya kupima ardhi ambayo siku hizi haipo tena. Mpimaji mwenyewe huchungulia kwenye chombo chake na kuandika namba, lakini ardhi hupimwa na watu wawili wanaoburuta mnyororo wa chuma wenye pete mia moja, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mugweri alikuwa wa mbele. Walikuwa wakipima mpaka wa mji, na adhuhuri moja mnyororo ukafika Masese, mlangoni kwa Mjaluo mmoja aliyeitwa Obura, mshonaji wa nyavu kutoka Kenya. Obura alikuwa amelala ndani, amekufa siku ya tatu, akisubiri ndugu zake wavuke mpaka waje kumzika. Wanawake walikuwa wamekaa chini uani.

Sasa, bibi yake Mugweri alimfundisha jambo moja akiwa mdogo. Kaburi hupimwa kwa kamba. Kwa hiyo pale maiti alipolala hajazikwa, kipimo kingine hakipiti, maana ardhi ikipimwa mara mbili itataka watu wawili. Mugweri alivua kofia. Akaurudisha mnyororo nyuma, akauzungusha mgongoni mwa nyumba kumi na moja zilizopangana pale, akajikwaa mahali pamoja, akatokea upande wa pili. Alijiambia kwamba mazishi yakiisha atarudi kuunyoosha. Mpimaji alikuwa barazani kwa watu akila samaki wa kukaanga. Aliletewa namba, akaziandika. Kesho yake kikosi kilihamishiwa Buwenge.

Hakumwambia mtu. Mwanzoni aliogopa kufukuzwa kazi, halafu akasahau, halafu akawa anakumbuka mara mojamoja kama mtu anavyokumbuka shati aliloliacha kwa watu. Mpimaji alikufa. Ramani ilipigwa muhuri. Tangu siku hiyo, nyumba kumi na moja za Masese zikawa, kwenye karatasi, ndani ya ziwa: hazikuhesabiwa kwenye sensa, hazikuwekewa bomba, na barua zilizoandikwa kwenda huko zilirudi.

Alimweleza Nulu yote, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Miaka thelathini na moja," alisema Nulu. "Unakula chakula yangu na hiyo kitu iko tumboni."

"Niliona haya, mama Zaina."

"Na maji imefuata mnyororo yako?"

"Imefuata. Hata pale nilijikwaa, redio imesema kuna kakona."

Nulu aligeuza chapati. "Basi peleka mnyororo ipite pale ilikuwa ipite. Kama ilifuata mara ya kwanza, itafuata tena."

Kwa Mugweri maneno hayo yalikuwa mepesi kuliko alivyostahili, na alimshukuru Mungu kwa mke wa namna hiyo. Alhamisi alfajiri aliondoka na chapati nne na shati la kubadilisha.

Gari lilimshusha Bugembe, kwa sababu mbele ya hapo barabara ilikuwa inaingia majini. Watu wa Buwenge walikuwa wakipakia nyanya kwenye mitumbwi na kulalamika kwamba wa Jinja sasa wanajiita wa mji mkuu na bado wanataka nyongeza. Askari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu majini.

"Mzee, wewe naenda kisiwa kufanya nini?"

"Kutembea, afande."

"Kila mtu nasema hivyo," askari alisema. "Haya, tembea. Pole pole."

Ni lazima nikiri kwamba Jinja ilimpendeza, nasi wengine tuliokwenda baadaye ilitupendeza pia. Bila magari, mji ulikuwa na sauti ya ndala. Jakaranda zilikuwa zimemwaga maua yao barabarani na hakuna tairi lililoyaponda. Kwenye Main Street maduka ya zamani yalisimama na baraza zao zenye nguzo, na juu ya kila moja jina la Mhindi aliyelijenga na mwaka, vimechorwa kwa saruji. Kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani, walitembea katikati ya barabara kama wazee wa mtaa, nao polepole, kwa kutii amri. Kila barabara ukiifuata mpaka mwisho ulikuta maji. Mgeni alikuwa hapotei, na Mugweri alijikuta anatembea akitabasamu, kisha akakumbuka kilichomleta akaacha.

Alikwenda kwanza Ofisi ya Ramani ya Kisiwa, iliyokuwa na siku sita tangu ifunguliwe na tayari ilikuwa na vumbi. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Beverlyne, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Mugweri mpaka mwisho bila kumkatiza. Alitoa ramani, akaweka kidole kwenye kiwiko.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Mimi ndiye niliikunja. Kulikuwa na matanga."

"Mzee wangu, mimi nakuamini," alisema Beverlyne. "Lakini ona. Ramani iko na muhuri. Na sasa hata maji imekuja ikasimama juu ya mstari. Zamani ungeweza kusema ramani imekosea. Leo nani atasema, na ziwa imekubali?"

"Na hizo nyumba?"

"Kesho saa nne. Nimepewa watu sita na nyundo. Tingatinga haiwezi, kisiwa itainama." Alivua miwani akaifuta. "Amri iko hapa: nyumba kumi na moja zilizo ndani ya ziwa. Mimi nafanya kile imeandikwa tu, mzee. Si zaidi, si chini."

Mugweri alitoka akiwa na uchungu, lakini hakumkasirikia. Alivuka barabara akaingia duka la vyuma la Kishore.

Mnyororo wa mwaka wa tisini na nne ulikuwa umeazimwa hapo, na Mugweri alitumaini kwamba ulirudishwa. Ulikuwa umerudishwa. Kishore, mzee wa rika lake, alikuwa ameufungia lango la ghala, mizunguko saba na kufuli.

"Hii nafunga mlango vizuri sana," alisema Kishore. "Wewe nataka kufanya nini na hii?"

Mugweri alieleza tena. Kishore alisikiliza huku akitafuta ufunguo, na alipoupata hakufungua mara moja.

"Mimi nilikuwa kijana ya miaka kumi na tano," alisema. "Nyumba yetu ile pale, juu imeandika jina ya babu, elfu moja mia tisa ishirini na nane. Siku moja nasikia kwa redio, sisi Wahindi yote iko nje ya nchi. Hakuna mtu alipita nyuma. Hakuna mtu alitoa kofia." Akafungua kufuli. "Mnyororo nataka watu wawili. Nani nashika nyuma?"

Mugweri hakuwa amelifikiria hilo.

"Basi twende," alisema Kishore. "Miaka thelathini na mbili nimerudi Jinja, natoka nyumbani naingia gari, natoka gari naingia duka. Mji yenyewe sijaona."

Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo halijatokea tangu arudi, na majirani waliliona kuwa kubwa kuliko kisiwa. Wakaubeba mnyororo kwenye gunia, mmoja huku na mmoja huku, wakatembea. Kishore alisimama kila baada ya hatua kumi. Alisimama chini ya nguzo za barazani akazigusa. Alisimama hekaluni akasali kidogo, na Mugweri akamngoja. Wakasimama msikitini Mugweri akaswali adhuhuri, na Kishore akamngoja, amekalia gunia. Walipita penye nyumba za zamani zenye bustani kubwa, wakapita Walukuba kwenye safu za nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ambako wanawake walikuwa wakianika nguo kwenye nyaya za stima zisizo na umeme. Kila mtu aliwasalimu, kwa kuwa mtu anayetembea polepole hana njia ya kukwepa salamu.

"Mji nzuri sana," alisema Kishore kwa hasira kidogo. "Kwa nini hakuna mtu aliniambia?"

Masese waliyaona maji. Yalikuja yamenyooka kutoka Bugembe, upana wa barabara, kina cha mapaja, yakafika nyuma ya nyumba kumi na moja za mabati, yakajikunja. Mugweri alilifuata kunjo lile kwa macho na kila hatua aliitambua. Kulikuwa na ile kakona ya alipojikwaa. Kulikuwa na mahali pana kidogo, alipoupitisha mnyororo mbali na jiko la mtu.

Ng'ambo ya maji, kwenye kipande kikavu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu alikuwa akigeuza dagaa juu ya turubai, wale ambao Wajaluo huwaita omena na majirani zao mukene. Huyo alikuwa Akoth, binti wa Obura. Ndani ya nyumba yake vitu vilikuwa vimefungwa tayari: godoro limekunjwa, sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine. Wazee wawili walikunja suruali wakavuka kwa miguu, gunia kichwani.

"Hodi, mama," alisema Mugweri.

"Kama ni ya kubomoa, tuliambiwa kesho," alisema Akoth. "Leo mniache nikaushe omena yangu."

Hapo Mugweri alisema kwa mara ya tatu siku ile, na mara hii ilikuwa ngumu kuliko zote mbili. Alisema akitazama chini. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa mbele ya mnyororo, kwamba alipita nyuma, kwamba alikusudia kurudi na hakurudi. Alisema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Akoth alikuwa amesimama na ufagio mkononi. Aliuelekeza kwenye kichwa cha Mugweri.

"Kofia ilikuwa ya rangi gani?"

"Ya kijani. Ya kitambaa."

"Ni wewe," alisema Akoth. Akakaa chini hapo hapo, kando ya omena, na Mugweri aliona kwamba analia, akaogopa. "Aki ya Mungu ni wewe. Baba amelala siku ya tatu, watu wa mji wanakuja na chuma yao, mama anasema sasa hawa watampitia hata akiwa amelala. Chuma ikafika mlangoni ikasimama. Kijana akatoa kofia, akarudi nyuma. Mama alikuwa akiisimulia hiyo mpaka akaenda kaburini. Watoto wangu wote wanaijua. Kitu mji ulitupatia ni hiyo moja."

Mugweri hakujua aweke wapi mikono yake. Alikuwa amekuja na aibu ya miaka thelathini na moja, na sasa alipewa shukrani ya miaka hiyo hiyo, na zote mbili zilikuwa haki yake.

"Ndiyo iliwatoa ninyi mjini," alisema.

"Ndiyo ilitutoa," Akoth alikubali, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Na bado ilikuwa heshima. Sasa mnataka nini na hilo gunia?"

Walimwonyesha. Akoth alisema baba yake alizikwa zamani, ndugu hawakufika, kaburi ni lile pale lenye mawe kandokando, na ardhi ikitaka kupimwa sasa ipimwe, hakuna anayesubiri tena. Lakini alisema sehemu ya kupita mbele ya kaburi ataishika yeye, si mtu mwingine. Kishore alikubali mara moja, na pia alikuwa amechoka.

Wakaanzia pale kiwiko kilipoanzia. Mugweri alikwenda mbele, Kishore nyuma, wakiita kila mnyororo ukinyooka, kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Safari hii hawakupita mgongoni. Walishuka mbele ya nyumba, kati ya milango na ziwa lenyewe, na watu kumi na moja wenye nyumba wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akasema "Pita," maana Mugweri aliomba ruhusa kila mlango. Penye kaburi la Obura, Akoth alishika mwisho wa mnyororo kwa mikono miwili. Mugweri alivua kofia, ambayo sasa ilikuwa ya kahawia. Chuma kikapita mbele ya miguu ya marehemu bila kugusa jiwe. Walimaliza saa kumi na robo.

Saa kumi na moja maji ya nyuma yakaanza kuondoka. Hayakuwa na haraka. Yalizunguka nyumba ya mwisho, yakapita mbele kando ya alama ya mnyororo mchangani, yakajiunga na ziwa, vyura wakiyafuata kwa miguu. Mahali yalipokuwa palibaki matope, na kabla ya magharibi matope yakakauka. Kondoo wa jirani alikuwa wa kwanza kupita kwenda Walukuba.

Akoth alikunjua godoro.

Wazee wakalala Masese, kwa kuwa Akoth hakutaka kusikia jambo jingine, na pia kwa kuwa Kishore alitaka kujua omena hukaushwaje.

Ijumaa saa nne kamili Beverlyne alifika kwa miguu na watu wake sita wenye nyundo. Walisimama uani. Akoth alisimama mbele ya mlango wake, Mugweri na Kishore kando yake. Beverlyne alivaa miwani, akasoma amri kwa sauti: nyumba kumi na moja zilizo ndani ya ziwa zibomolewe na kuondolewa. Akaishusha karatasi.

"Ziwa iko wapi?" aliuliza.

"Ile pale," alisema Akoth.

Beverlyne alilitazama ziwa, upande wa kushoto mpaka mwisho, upande wa kulia mpaka mwisho. "Ndani yake kuna nyumba?"

"Hakuna."

"Nyinyi mnaona nyumba ziwani?" aliwauliza watu wa nyundo. Nao wakatazama kwa uangalifu, kwa kuwa ilikuwa kazi yao, wakasema hawaoni.

Beverlyne aliandika kwenye karatasi, akiegemea ukuta wa nyumba ya Akoth: *Hazikupatikana.* Akatia saini na tarehe. Alipopita mbele ya Mugweri hakumwangalia, ila alisema, "Mi nafanya kile imeandikwa tu." Watu wake waliweka nyundo chini wakanunua samaki.

Furaha ilikuwa kubwa. Akoth alicheka mpaka akashika kiuno, jirani mmoja alipiga vigelegele, Kishore alipeana mikono na kila mtu mara mbili. Mugweri alikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa na kugundua kwamba anapumua mpaka chini kabisa ya kifua, mahali ambapo pumzi ilikuwa haijafika tangu mwaka wa tisini na nne. Jioni hiyo hiyo alirudi Mbale, na Nulu alipomwona tu langoni alisema, "Imefuata." Hakuuliza.

Jinja ni kisiwa mpaka leo. Sisi wa Mbale tumezoea, na wengi wetu tumekwenda kukitembea, tukarudi tukisema si kibaya. Kijia cha kuzunguka kilikamilika, chenye viti vya kupumzikia na vibao vya kueleza. Kamati ilichapisha ramani ndogo ya watembeaji, yenye rangi, inayogawiwa bure kwenye mitumbwi. Waliinakili kutoka ile yenye muhuri.

Desemba Mugweri alimpeleka Nulu. Walitembea Main Street chini ya nguzo, wakanywa chai dukani kwa Kishore, ambaye sasa hufunga kila siku saa sita mchana na kwenda kuzunguka. Nulu aliupenda mji, akasema bustani zake zinahitaji mkono wa mwanamke. Walipofika Masese waliwakuta wageni wanane mbele yao, wazungu watano na vijana watatu wa Kampala, wamesimama kwenye ua wa Akoth na ramani mkononi. Kwenye ramani pale palikuwa na ziwa. Wageni walikaa chini, wakavua viatu, wakakunja suruali mpaka juu ya magoti. Kisha wakavuka ua mkavu polepole, viatu vimeinuliwa hewani, wakishikana mikono wasiteleze, wakipita mbele ya milango kumi na moja bila kumsalimu mtu, maana ziwani hakuna wa kusalimiwa. Upande wa pili walijipangusa miguu na kuendelea.

"Wanafanya hivyo kila siku," alisema Akoth. "Mmoja aliniambia maji ni baridi."

Alikuwa ameandika tena kuomba bomba, na jibu lilikuwa limefika. Lililetwa kwa mkono, kwa kuwa posta bado haikuwa na anwani. Alimpa Mugweri alisome. Lilikuwa fupi na la adabu. Lilisema kwamba, kwa mujibu wa ramani, eneo lililotajwa limo ndani ya ziwa, na kwa hiyo lina maji ya kutosha.

Mugweri alilisoma mara mbili, akalikunja sawasawa, akamrudishia. Hakuwa na mnyororo wa jambo hilo. Nyumba zilikuwa zimesimama zote kumi na moja, na moshi ulikuwa ukitoka katika tisa, na kila alipozihesabu alipata nafuu upya.

"Bomba la karibu liko wapi?" Nulu aliuliza.

"Walukuba, kule juu. Nusu saa kwenda, kurudi ni zaidi."

Nulu alimtazama mumewe. Mugweri alivua kofia, akaitundika kwenye msumari mlangoni kwa Obura. Akoth akampa madumu mawili, Nulu akachukua lake moja, Akoth mwenyewe akachukua mawili, wakapanda kwenda kuchota maji.